Herufi za Midomo

Alfajiri moja ya mwaka 2019, nikiwa natia udhu, maji niliyosukutua yalichuruzika yenyewe upande wa kushoto wa mdomo. Nikarudia, yakachuruzika tena. Mke wangu alipowasha taa na kunitazama, alishika kifua. "Bwana, uso wako umekwenda upande." Kwenye kioo nilimwona mtu niliyemjua nusu: jicho la kushoto halifungi, shavu limelegea, pembe ya mdomo imeshuka.

Jua halijapanda, hukumu zilikwisha tolewa. Mke wangu alisema ni kiharusi, twende hospitali. Jirani yetu, bibi anayeheshimiwa mtaa mzima, alisema, "Upepo huo, mwanangu. Umelala dirisha wazi." Nami, niliyeishi kwa kupima maneno, nilichagua upepo kwa sababu ndilo lililokuwa zuri. Ndani yake mna kusi na kaskazi, na mna pepo pia. Nikakandwa mafuta ya habasoda, nikangoja. Mchana ukapita, na usiku wake.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe sikuweza kulitamka. Herufi zinazotaka midomo zilinitoroka: p, b na m, na jamaa zake f, v na w. Ulimi ulikuwa mzima. La, na, ta na ka zilinitii. Nilijaribu kutunga kwa hizo peke yake, nikashindwa kabla ya kutimiza ubeti. Ndipo nilipotambua kuwa Kiswahili bila midomo hakina mtu wala watu, hakina mama wala baba.

Asubuhi ya pili binti yangu hakuniomba, alinipeleka. Daktari, kijana wa rika lake, aliniambia, "Baba, inua nyusi zote mbili." Kipaji upande wa kulia kilikunjamana; upande wa kushoto kilitulia kama bahari ya maleleji. Akanipima nguvu za mikono na miguu, akachungua sikio kutafuta malengelenge, akapima sukari na shinikizo la damu. Kisha akaeleza. Kipaji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi kwa kawaida hukiacha kikikunjamana. Kikinyamaza pamoja na jicho na mdomo, shaka huelekea kwenye neva ya uso yenyewe, ipitayo katika mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikivimba humo, hubanwa. Mara nyingi sababu haijulikani kwa yakini, ingawa virusi vya malengelenge ya mdomoni hushukiwa. Mkanda wa jeshi, maradhi ya sikio, VVU na uvimbe huweza kuleta hali hiyo hiyo, na kisukari huongeza hatari.

"Lakini kupambanua si kazi ya kioo cha nyumbani, Baba. Uso ukipinda ghafla, njoo saa ile ile."

Vidonge vya prednisoloni hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72. Mimi nilikwisha tumia zaidi ya 24 kwa ajili ya uzuri wa neno. Lau kingekuwa kiharusi, saa hizo zingetosha kunipoteza.

Maradhi haya huitwa kwa jina la Charles Bell, tabibu wa Uskoti aliyeandika juu ya neva za uso mwaka 1821. Karne nyingi kabla yake, Al-Razi na Ibn Sina waliyaeleza kwa jina la laqwa, nao walitafuta sababu yake mwilini.

Usiku nililifunga jicho kwa plasta, mchana nikalitia matone. Baada ya miezi mitatu uso ulirejea, ila jicho la kushoto hujifinya kidogo ninapocheka.

Bibi jirani bado husema ulikuwa upepo. Simbishii, namheshimu, na neno bado nalipenda. Nimemwomba jambo moja tu: akimwona mwingine uso umepinda, amwambie habari za upepo njiani, wakielekea hospitali.