Tundu Dogo na Jeraha Lake

Wahenga walisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Methali hii tumeifundisha darasani miaka mingi, hata mwaka 2022 ilipogeuka kutufundisha sisi wenyewe. Twaandika habari hizi bila kuona haya, maana haya ndiyo iliyotuponza.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo tulishikwa na maumivu ya tumbo. Yalianza kitovuni, kisha yakashuka upande wa kuume. Hospitalini tuliambiwa kwamba kidole tumbo kimevimba, nacho hakina budi kukatwa. Tuliogopa sana, kwa kuwa baba yetu mdogo alipasuliwa zamani kwa ugonjwa huo huo, naye ana kovu refu kama kiganja. Lakini daktari akasema, "Mwalimu, wewe tutakutoboa matundu matatu tu."

Upasuaji wa namna hiyo si jambo la jana. Daktari Kurt Semm wa Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa njia hiyo mwaka 1980, na wengi wa madaktari wenziwe wakampinga. Mganga hutia tumboni hewa ya kaboni dayoksaidi, tumbo likainuka kama hema. Kisha hupitisha kitovuni bomba lenye taa na kamera, na vyombo vyembamba katika matundu mengine, akaitazama kazi yake katika kioo cha runinga. Tundu dogo huwa na upana wa milimita 5, na kubwa 10 au 12.

Tuliporudi nyumbani, wageni waliokuja kutupa pole tuliwafunulia shati waone. Wakastaajabu, nasi tukajitapa kwamba baada ya siku chache tutakuwa darasani. Muuguzi alikuwa ametuagiza tusinyanyue kitu kizito, tusiloweshe kidonda, na tukiona joto, uvimbe, usaha au homa, turudi upesi. Tuliitikia kama watoto wengine wamwitikiavyo mwalimu, yaani kwa mdomo tu.

Siku ya tano maumivu ya kitovu, badala ya kupungua, yakazidi. Juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu haukuonekana, lakini tulipogusa palikuwa pagumu, tena pa moto. Tukasema, "Ni tundu dogo, litapona." Mitihani ilikuwa karibu, nasi tulikwisha kujisifu mbele za watu. Jirani akatushauri tufungue kidonge cha rangi mbili, tunyunyize unga wake juu ya kidonda. Tukafanya hivyo. Unga ule ukaganda kama kifuniko cha chungu, na usaha ukabaki chini yake.

Siku ya nane tulikuwa tukifundisha darasa la tano somo la usafi wa vidonda. Tulipokuwa tukiandika ubaoni, mtoto mmoja wa kike akainua mkono, akasema kwa adabu, "Mwalimu, shati lako limelowa." Tukajitazama, tukaona doa la manjano penye kitovu. Darasa zima likanyamaza. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangalicheka.

Jioni ile tulirudi hospitalini na homa. Muuguzi hakutukemea, alisema tu, "Mwalimu, siku ya tano ndiyo iliyokuwa siku yako." Akakata nyuzi, usaha ukatoka, akaosha na kujaza shashi ndani ya kidonda. Akatueleza kwamba kidole tumbo kilichooza kikivutwa kupitia kitovuni huweza kuichafua njia yake. Ndiyo sababu madaktari wengi hukitia kwanza katika mfuko. Kidonda kama hicho hakishonwi upesi, bali huachwa kijae nyama kutoka chini, maana kikifunga juu tu, uchafu utabaki ndani.

Alituonya mambo mengine mawili. La kwanza, kidonda kilichopona kikianza tena kutoa maji au vinundu baada ya majuma kadhaa, huenda kimeingiwa na vijidudu vilivyo ndugu wa vile vya kifua kikuu. Hivi hukaa majini, na huingia kwa vyombo visivyotakaswa vema, wala dawa za kawaida haviziogopi. La pili, penye tundu kubwa, ukuta wa tumbo usiposhikana sawasawa, utumbo huweza kupenya ukafanya ngiri. Ndipo tulipofahamu kwa nini tulikatazwa mizigo.

Majuma matatu tulikwenda kila siku kubadilishiwa kidonda. Watoto wetu walifanya mitihani yao bila sisi, na nauli ile ya kila siku ilikula fedha tulizoweka kwa sare za wanetu. Wenye matundu kama yetu wengi hupona bila taabu yoyote, na upasuaji huu ni neema kwa wagonjwa. Lakini ngozi huonyesha mlango tu. Nyumba iliyotengenezwa ndani haionekani.

Tuliporejea shuleni tuliingia darasa la tano, tukamshukuru yule binti mbele ya wenzake, tukalimaliza somo tuliloliacha katikati. Safari hii hatukuhitaji kitabu. Ndugu msomaji, kama umetobolewa ukaona mahali pamekuwa pa moto, usingoje mtoto akuambie. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Sisi tuliumbuliwa na shati tu, nasi twashukuru.