Upande B

Jumapili moja niliua simu nane za watu kwenye kibaraza changu hapa Niania, kisha nikasema zimeuliwa na umeme wa jirani. Hayo ndiyo ninayoungama. La kwanza nililifanya bila kukusudia, la pili nililifanya nikijua.

Mimi ni fundi wa simu. Banda langu liko karibu na njia panda, pale barabara ya taifa namba 4 inayotoka Kisangani kwenda Komanda inapoachana na ile ya Wamba na Isiro. Wateja wangu ni wachimba dhahabu, akina mama wauza makayabu (samaki wa chumvi), madereva wa malori yanayolala hapa matope yakizidi, na vijana wa pikipiki, tunaowaita motari. Motari hapakii abiria wa Epulu au Mambasa kabla hajasikiliza sauti walizomtumia wenzake alfajiri: daraja limeshika? Lori gani limekwama, na wapi? Kutoka Mambasa hadi Komanda kuna usalama leo? Tangu Ituri iwekwe chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, swali la usalama ndilo linalotangulia mengine yote. Mtu wa hapa akikuachia simu yake, amekuachia macho yake ya barabarani.

Nyingi ya simu hizo zimeshatupwa na waliozitengeneza. Kwa simu za bei nafuu kampuni nyingi hutoa masasisho miaka michache, kisha hunyamaza, ingawa betri na kioo bado vizima. Programu nazo hazimngoji mtu. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kuzihudumia Android za chini ya toleo la 5, na watu wakawa wananiletea simu isiyo na hata mkwaruzo, wakiishika kama wanavyomshika mtoto mgonjwa. Hapo nikaanza kujifunza LineageOS, mfumo uliozaliwa mwishoni mwa 2016 CyanogenMod ilipofungwa, unaotengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi na kutolewa bure. Mfumo huo una orodha ya simu unazozikubali. Aina iliyojaa Niania kuliko zote haikuwamo. Nikasema nitauhamishia mimi.

Kazi hiyo ni ya kushona vipande vya watu mbalimbali: msimbo wa Android, kiini cha Linux cha simu yenyewe, na zile programu za kamera, redio na alama za vidole ambazo mtengenezaji hatoi msimbo wake, kwa hiyo unazinyofoa kwenye mfumo wa kiwandani jinsi zilivyo. Inataka mamia ya gigabaiti na kompyuta yenye nguvu. Hapa tunanunua mega za kupimia. Nikaenda Bunia kwa pikipiki, nikakaa kwa rafiki majuma matatu, kompyuta yake ikikesha inachemka huku sisi tumelala chini kando yake. Kamera iligoma siku nne. Siku ilipokubali nilitoa machozi. Nilirudi Niania na diski imefungwa nailoni mbili, iko kifuani chini ya koti la mvua, na kila shimo la barabara nililihisi kwenye ile diski kabla ya kulihisi mgongoni.

Niliuweka mfumo huo kwenye simu kumi na moja za wateja. Ulikwenda vizuri kwa miezi miwili. Sifa zikaenea hadi migodini, nami nikazipenda.

Hapa sina budi kueleza kidogo, kwa sababu kosa lenyewe limejificha humu. Simu za siku hizi, tangu Android 7 ya mwaka 2016, nyingi zimegawanywa pande mbili, A na B. Ni kama mvushaji mwenye mitumbwi miwili: mmoja uko majini unabeba watu, mwingine uko ukingoni unatengenezwa. Sasisho likija huandikwa kwenye upande uliolala wakati wewe unaendelea kutumia ule ulioamka. Ukizima na kuwasha, simu inahamia upande mpya. Upande mpya ukishindwa, inarudi wa zamani yenyewe. Ni ufundi mzuri sana, lakini una sharti. Zile programu ndogo zinazoiamsha simu kabla hata Android haijaanza, nazo zina nakala kwenye kila upande. Sasisho langu lilibeba Android peke yake, halikuzigusa hizo. Ikiwa upande B ulitoka kiwandani mtupu, au una nakala za kale zisizolingana, basi mtumbwi wa pili una mbao za juu tu, chini hauna sakafu. Simu haiwezi hata kurudi upande A, maana wa kuirudisha ni zile zile programu ambazo hazipo.

Watengenezaji wa LineageOS wanalijua hilo. Kwenye maelekezo yao kuna hatua ya kunakili upande unaotumika kwenda upande uliolala kabla ya kuweka chochote. Niliisoma. Niliisoma nikairuka. Kwa haraka yangu nilikuwa naandika mfumo moja kwa moja kwenye upande A kwa waya wa kompyuta, unawaka, namrudishia mtu simu yake, namwita anayefuata. Upande B sikuwahi kuugusa. Na kwa kuwa simu yangu mwenyewe ilikuwa imepokea masasisho yangu mawili bila tatizo, nilijiona nimejaribu vya kutosha.

Sasisho la tatu niliona nilitoe kwa watu wote pamoja. Ili mtu asile mega zake, nililiweka kwenye kompyuta ya banda na simu zote zikalivuta hapo hapo kwa Wi-Fi, bure. Nikawaambia waje Jumapili baada ya ibada. Walikuja, wakakaa kwenye mabenchi, mstari ukawa unasogea taratibu kwenye vioo vyao, watoto wakichungulia. Kisha zikazima ili ziwake upya. Tatu ziliwaka. Nane hazikuwaka, wala kutetemeka, wala kuonyesha nembo. Nilipozichomeka kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, kila moja ilijitaja kwa namba 9008 tu, ile hali ya dharura ya vichakataji vya Qualcomm, ambayo fundi akiiona anajua simu imebaki na pumzi ya mwisho.

Mama mmoja muuza makayabu akaniuliza, "Mwanangu, simu yangu imekuwaje?"

Wote walikuwa wananitazama. Nikamwuliza, "Mama, uliichajia wapi jana?" Akataja nyumba ya kuchaji ya kijana jirani yangu, mwenye paneli na jenereta ndogo. Nikawauliza na wengine. Karibu wote wanachajia hapo hapo, maana pengine ni mbali. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyegundua jambo. Nikasema umeme wa ile jenereta unaruka, umezichoma kwa ndani, sasisho limefichua ugonjwa tu. Waliniamini upesi kuliko nilivyotazamia. Juma lile foleni ya jirani yangu ilipungua, na kufika mwisho wa mwezi alikuwa anachaji simu za ndugu zake na za wasafiri wasiotujua.

Usiku nilikuwa natafuta ukweli ambao mchana nilikuwa naukana. Jibu lilikuja kutoka kwa zile tatu zilizopona. Zote tatu zilikuwa zimekwisha kutumika nje, zikaletwa Kampala kisha huku. Wenyewe wa kwanza walikuwa na intaneti ya kutosha, walipokea masasisho ya kiwandani, na masasisho hayo ndiyo yaliyoujaza upande B. Yangu pia ilikuwa ya namna hiyo. Zile nane zilinunuliwa Bunia na Butembo zikiwa mpya ndani ya boksi, na hazikuwahi kusasishwa hata mara moja, kwa sababu sasisho la kiwandani linakula zaidi ya gigabaiti moja, na gigabaiti hapa ni chakula cha nyumba. Nilizaliwa hapa, hilo nalijua kuliko mtu yeyote aliyeandika yale maelekezo, na ndilo nililolisahau: nilizipima simu za Niania kwa simu iliyolelewa kwingine.

Kuzifufua kulihitaji faili maalumu iliyotiwa saini na mtengenezaji kwa aina ile ya simu. Siku ya tisa niliipata. Kwa kiherehere cha kuwarudishia watu simu kabla hawajauliza zaidi, nilichukua furushi zima la kiwandani nikaliandika lote, na furushi hilo linafuta kila kitu cha mwenye simu. Nilifanya hivyo kwa simu saba. Nilipoishika ya nane ndipo nilipotulia nikafikiri: upande A haukuguswa kamwe. Mfumo wa zamani umo, vitu vya mtu vimo. Nikaziandika tu programu za kuamshia upande B, nikaiamuru simu irudi upande A. Ikawaka kwenye skrini ya kufuli yenye picha aliyoiweka mwenyewe.

Simu ya yule mama ilikuwa ya tatu. Alikuwa na mazoea ya kupiga picha kurasa za daftari la madeni, kwa kuwa daftari la kwanza lililiwa na mchwa. Wachimbaji humkopa samaki, wakipata dhahabu wanalipa. Daftari la pili lilipolowa kwenye mvua hakuhuzunika, alisema yamo yote kwenye simu. Sasa anakumbuka madeni kwa kichwa, na baadhi ya wadeni wanakumbuka pungufu. Tulikaa naye jioni mbili tukiyaandika upya. Yasiyopata mwenyewe nayalipa mimi, kidogo kila Jumamosi.

Kwa jirani nilikwenda nikiwa na maneno niliyoyapanga. Nilipomaliza alinyamaza, akaendelea kupanga waya zake ubaoni. Kisha akaniuliza, "Yaya, na wale uliowaambia, umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nilianza kesho yake, mmoja mmoja, nikisimama mlangoni mwa mtu na kusema haukuwa umeme, nilikuwa mimi. Wawili walinitukana na walikuwa na haki. Simu kumi zilizobaki mikononi mwa watu, zile tatu zilizopona na saba nilizozifuta, nimezikagua upande B mbele ya macho yao. Sitoi tena sasisho kabla ya kuliweka kwenye simu moja mpya ya boksi niliyoinunua kwa kazi hiyo tu. Foleni ya jirani inarudi, lakini polepole. Maneno yangu yalisafiri na malori, nami siwezi kuyafuata kila yalikofika.

Wa nane, yule wa skrini yenye picha, ni motari. Alikata tamaa mapema, akaniachia simu na laini yake moja ndani, akashuka kutafuta kazi upande wa Bafwasende akiamini umeme ndio uliomponza. Sina namba yake nyingine. Siwezi kuifungua simu, ina siri yake, lakini mtu akipiga inalia. Kwa hiyo naiweka chaji kila asubuhi, kwa jirani, na inapolia napokea. Sauti inauliza njia ya Mambasa ikoje leo. Najitaja jina, namwambia ninachojua kuhusu njia, kisha namwomba: ukionana na mwenye simu hii, mwambie imepona na vitu vyake vyote vimo, na mwambie haikuuliwa na umeme.