Chang'aa na Chupa Yake

Kati ya Kitale na Bungoma ni nadra kupata mapishi yanayofichwa kama ya chang'aa, wala siri inayojulikana na wengi kama hiyo. Mahindi huchanganywa na sukari guru na maji, yakaachwa ndani ya pipa kwa siku kadhaa hadi yachache. Hiyo ndiyo kangara. Kisha pipa hubandikwa motoni kando ya mto, likafunikwa kwa sufuria ya maji baridi. Mvuke hupanda, hugonga kitako cha sufuria, na kudondoka katika chombo kilichoning'inizwa ndani. Maji yakipata joto hubadilishwa. Ukenekaji ni huohuo hata katika viwanda vikubwa. Tofauti ni mitambo.

Busaa haina aibu hiyo. Wabukusu huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na tohara ya Agosti, ambayo huja kila baada ya miaka miwili, ni vigumu kuifikiria bila chungu hicho. Chang'aa hunywewa kwa glasi, upesi, macho yakiwa mlangoni.

Sheria ya mwaka 1980 iliipiga marufuku kwa jina lake. Ile ya mwaka 2010 iliondoa marufuku hayo, ila ikataka kileo hicho kitiwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250 na mtengenezaji awe na leseni. Je, mjane anayepika mtungi mmoja ili apate karo ya mtoto wa kidato cha pili atainunua wapi mitambo ya kujazia chupa? Kwa hakika yeye aliachwa palepale alipokuwa, akimkimbia askari yuleyule.

Dukani, hata hivyo, kuna Kenya Cane, pombe kali ya miwa, yenye ladha ya nazi au nanasi. Jirani zetu nao wana Uganda Waragi ya ladha kama hizo. Nazi ya Pwani ndani ya miwa, na hakuna anayeshangaa! Ladha imekuwa vazi la heshima.

Lakini ulimi si shahidi wa kuaminika. Mnamo Novemba 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa kumi kumi, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya bei yake ya shilingi kumi. Ilikuwa imetiwa methanoli. Mwaka 2014 maafa ya namna hiyo yalirudi katika kaunti kadhaa. Mahindi na sukari guru hutoa methanoli kidogo mno. Walioua ni wafanyabiashara walioongeza spiriti ya viwandani ili mtungi mmoja uwe mitatu, wakijificha katika giza lilelile wanamojificha wapishi wa mtoni. Mnywaji hawezi kuwatofautisha kwa ladha wala kwa harufu. Aghalabu huwasha matone machache kwa kiberiti, na akiona mwale wa buluu husema ni safi. Methanoli nayo huwaka buluu, tena mchana mwale wake hauonekani kwa urahisi.