Omba kitu kwa jina lake: usiku akwariamu yetu ilipopasuka

Wamama wapendwa, juma hili ninaomba nafasi niongee juu ya jambo ambalo wengine watalicheka: samaki wa kuangalia, si wa kula. Chekeni kwanza, kisha tuendelee, maana lina faida hata kwa mama asiyefuga hata kuku. Kitu kikiharibika nyumbani ghafula, usiku, na kuna viumbe hai wanaokutegemea, unafanya nini kwanza? Na unaomba nini, kwa nani?

Sisi hapa Lubumbashi tulikuwa na akwariamu, ndiyo sanduku la kioo la kufugia samaki, yenye kubeba litre 500 za maji. Marehemu baba wa watoto aliitengeneza kwa mikono yake, na samaki aliwaleta kutoka upande wa Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, alikotumika miaka kadhaa. Samaki hao hawapatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Wana mistari myeusi juu ya ngozi ya samawati, na wakikomaa wanaota nundu kwenye paji la uso. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawaita Frontosa. Mkubwa anafika sentimita 30, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kwetu walikuwa saba. Walikuja wakiwa urefu wa kidole, na watoto wangu wamekua pamoja nao.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi, saa saba ya usiku. Gundi inayoshika vioo ilikuwa imezeeka, kona ya chini ikaachia. Litre moja ya maji ina uzito wa kilo moja; basi fikirini kilo 500 zikimwagika ndani ya saloni.

Kazi ya kwanza haikuwa samaki. Ilikuwa umeme. Pampu na chombo cha kupashia maji moto vilikuwa vimechomekwa, na waya ulikuwa chini, ndani ya maji. Hakuna mtu aliyekanyaga saloni mpaka nilipozima swichi kubwa iliyo kwenye baraza. Kazi ya pili ilikuwa viatu, kwa sababu kioo kilipasuka pia. Samaki walikuja wa tatu.

Samaki mkubwa hashikwi kwa mikono mikavu. Ngozi yake ina ute unaomkinga na magonjwa, na miiba ya mgongoni inanasa kwenye wavu. Nilichukua kikwembe, nikakilowesha, tukawabeba mmoja mmoja kama mtoto mchanga. Maji yaliyobaki chini ya akwariamu tuliyachota yote, kwa sababu samaki akihamishiwa ghafula maji mapya ya baridi anaweza kufa hapo hapo.

Lakini tungewaweka wapi? Beseni zetu zote zilikuwa za kufulia, na sabuni inaua samaki. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mama akipata shida usiku, mara nyingi anapiga kelele: “Nisaidieni!” Watu wanakuja, wanasimama mlangoni, wanasema pole, hawajui washike nini. Mimi nilimtuma binti yangu wa kwanza kwa mama jirani amwambie hivi: “Mama anaomba beseni la kuogeshea mtoto, lisuuzwe kwa maji matupu.” Mvulana nilimtuma kwa mama mwingine, anayeweka maji safi katika pipa la litre 200. Na mama wa parsele ya nyuma nilimwomba friza yake iliyokufa zamani, ile ndefu ya kulala, ambayo anaitumia kuhifadhi maji. Kila mmoja aliombwa kitu kimoja, kwa jina lake. Nusu saa haikwisha, vyote vilikuwa kwetu. Hata wale wanaosema samaki wangu ni anasa walikuja na tochi.

Friza hiyo ndiyo iliyotuokoa. Friza imetengenezwa kuzuia joto lisiingie. Basi inazuia pia lisitoke. Tulijaza chupa maji ya moto, tukazifunga vizuri, tukazielesha juu, na baridi ya usiku haikuwashinda. Kwa sababu umeme ulikuwa umezimwa na pampu haifanyi kazi, watoto walipokezana kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu. Maji yakianguka hivyo yanachukua hewa, na samaki anapumua. Juu tulifunika kwa ubao, maana samaki mwenye woga anaruka.

Asubuhi shemeji yangu alifika. Akatazama, akasema: “Yaya, shida iko wapi? Bukari ipo, mboga nayo ndiyo hii. Karanga tu.” Hakusema kwa ubaya; kwetu samaki ni chakula. Nilimjibu: “Shemeji, hawa ndugu yako aliwabeba juu ya magoti, ndani ya bidoni, njia nzima. Nisaidie kuwatafutia pa kukaa.” Akanyamaza, kisha akauliza afanye nini. Nilimtuma atafute watu wenye akwariamu kubwa mjini.

Kununua vioo vipya sikutaka. Masomo yalikuwa yanakaribia, na feza ya vioo ndiyo iliyokuwa feza ya watoto watatu darasani. Niliwaambia watoto wazi siku ile ile: samaki wataishi, lakini hawataishi hapa. Walilia. Niliwaacha walie, kisha nikawapa kazi. Hawakuwapa samaki chakula siku zile za kwanza, kwa sababu chakula na mavi vinageuka sumu ndani ya maji machache. Kila siku walitoa sehemu ya maji na kurudisha mengine. Maji ya robine tuliyalaza kwanza usiku mzima katika beseni wazi, klorini itoke. Sponji ya kuchujia maji hatukuiosha wala kuikausha. Ilikaa ndani ya maji ya zamani, kwa kuwa ndimo wanamoishi vijidudu vizuri vinavyokula ile sumu.

Siku ya tatu dume mkubwa, yule mwenye nundu, alikufa. Ndiye aliyekuwa akija kwenye kioo baba wa watoto akiingia. Shemeji mwenyewe ndiye aliyechimba shimo, chini ya mwembe.

Kulikuwa pia na jike mmoja aliyekuwa na mayai mdomoni. Samaki hawa ndivyo walivyo: mama anayaokota mayai, anayaweka mdomoni, na kukaa nayo karibu mwezi mzima bila kula vizuri, mpaka watoto wajue kuogelea. Akitishwa sana anaweza kuyatema au kuyameza. Tulimtenga peke yake ndani ya friza, tukamfunika kwa kitambaa cheusi, tukakataza watu kumchungulia. Hakutema. Juma la tatu tuliona vitoto kumi na vitatu, vyenye mistari kama ya mama yao.

Kabla ya kumpa mtu samaki, niliuliza mambo matatu: akwariamu ina litre ngapi, maji yake yakoje, na ndani mna samaki gani wengine, kwa sababu Frontosa anameza samaki wadogo. Watatu walikwenda kwa mwenye hoteli moja, aliyetoa kitu kidogo nikakitia kwenye masomo. Wengine watatu, pamoja na vitoto, wako kwa mwalimu wa biolojia, na wanafunzi wake wanajifunza kwao. Mtu mmoja alinishauri niwamwage mtoni. Nilikataa. Samaki asiye wa mahali pale anakufa, au anaharibu. Kumbukeni Ziwa Viktoria: sangara aliletwa humo miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo zimepotea.

Sasa saloni ina nafasi, na watoto wanakwenda kwa mwalimu kila siku ya posho kuwaona. Nilidhani kugawa ni kupoteza. Sivyo. Kitu ulichokipenda kinaweza kuishi katika nyumba ya mwingine na kubaki chako moyoni.

Basi, wamama, leo ninawaomba kazi ndogo. Katika kikundi chenu, andikeni kwenye daftari: nani ana pipa safi, nani ana tochi, nani ana simu yenye vitengo usiku, nani anajua kuzima umeme, nani ana kitoroli. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole navyo lazima vijue chawa yuko wapi. Siku shida ikija, usiite dunia nzima. Mwite mama mmoja, kwa kitu kimoja.