Namba Moja Inatosha

Jumamosi, 4 Januari 2025

Shule zinafunguliwa tarehe 13, na Magu nzima imekumbuka vichwa vya watoto siku moja. Saluni za karibu na stendi foleni imefika barazani. Kinyozi ananyoa huku macho yako kwa anayefuata. Mimi nimeitoa mashine yangu kabatini, nikafungua skrubu mbili za meno, nikayasugua kwa mswaki mkuukuu, kisha tone la mafuta ya cherehani kila kona na moja katikati. Fundi nguo hakosi mafuta ya cherehani, na mashine ya kunyolea haihitaji mengine.

Ni ya waya, ile ya kutikiswa na sumaku, jamii ya mashine alizoanza kuziuza Mmarekani Leo Wahl baada ya vita vya kwanza vya dunia. Ndani hakuna mota ya kuzunguka. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na kila mgeuko unayavuta meno na kuyaachia mara mbili, kwa hiyo yanapita mara 100 kwa sekunde. Umeme ukiwa mdogo, mvuto unalegea, na hapo nywele haikatwi, inang'olewa. Mtoto akilia kwenye kiti, mara nyingi halilii wembe wala meno butu, analilia umeme. Bwawa la Nyerere lilianza kuzalisha mwaka jana, lakini huku mwisho wa laini, saa moja usiku taa bado zinafifia. Ninanyoa asubuhi.

Skrubu ya ubavuni wengi hawajui kazi yake. Unaigeuza mpaka mashine ianze kupiga kelele za kukera, kisha unairudisha taratibu mpaka kelele zikatike. Hapo ndipo penye nguvu zake zote.

Jumapili, 5 Januari

Baada ya ibada kaja mpwa wangu anayesoma Malimbe, chuo cha Mtakatifu Augustino.

"Shikamoo shangazi. Niwekee fedi, juu uniachie za sponji."

"Marahaba. Umeziosha?"

Hakuziosha. Nimemrudisha bombani. Nywele zenye mafuta na vumbi la barabara zinalala, ukizikata zimelala, zikisimama kesho utaona ngazi. Zioshwe, zikauke, zichanwe zisimame, ndipo mashine iwashwe.

Fedi yenyewe haina uchawi. Juu nimeacha bila kugusa. Nimeweka kitana namba 4, milimita 13, kuzunguka kichwa mpaka pale kichwa kinapoanza kujikunja kwenda utosini. Namba 2, milimita 6, chini ya hapo. Namba 1, milimita 3, chini zaidi. Mistari miwili inayobaki kati ya namba na namba ndiyo mtihani: kile kishikizo cha pembeni unakifungua nusu, unapita juu ya mstari kwa kuinua mkono kama unayefagia hewa, huukandamizi. Ukikandamiza umeshachimba shimo.

Halafu kisogo. Nywele zina mwelekeo wake kama uzi wa kitambaa, na anayekata bila kuutazama ataharibu jora. Za kisogoni kwa mpwa wangu haziendi chini, zinakwenda ubavu, kutoka kulia kuelekea kushoto. Kwa hiyo mashine ilipaswa kutoka kushoto. Utosini zinazunguka, basi na mkono unazunguka nazo kinyume. Nimemwinamisha kidevu kikagusa kifua, ngozi ya shingo ikanyooka, nikachonga mstari wa chini kwa meno matupu. Masikio nimeyakunja mbele kwa kidole kimoja kimoja. Haya ndiyo maeneo mawili yanayotofautisha kichwa kilichonyolewa na kilichopunguzwa.

Sponji amejifanyia mwenyewe: kalowesha kidogo, kapaka mafuta ya nazi, kazungusha upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Sentimita mbili za nywele za kipilipili zikizungushwa hivyo zinajiviringa vijipira vidogo vizuri. Kajitazama kwenye kioo cha wateja wangu muda mrefu kuliko bibi harusi.

Jumanne, 7 Januari

Mama mkwe kauona ule mtindo. "Mayu, hicho ni kichwa cha msomi?" Nikamwambia ni kichwa cha kijana. Akacheka, akaanza habari za enzi zao. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969 marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Ilivuma zaidi Dar es Salaam, lakini redio iliwafikia hata waliokuwa hawajawahi kuliona wigi. Nywele fupi za kuzaliwa nazo ndizo zilikuwa za mwananchi wa kweli.

Nami najiuliza mbona hizo hizo fupi leo tunazihesabu kuwa ni za adhabu au za msiba. Msichana akikatwa kwa ajili ya shule anaficha kichwa na mtandio wiki nzima. Sidhani tatizo ni ufupi. Anakatwa na yeyote aliye karibu, kwa mkasi wa karatasi au wembe, haraka, bila mstari kwenye paji wala shingoni, kama anayefyeka majani. Kaka yake siku hiyo hiyo anapelekwa kinyozi kuchongwa.

Alhamisi, 9 Januari

Jirani kaleta mapacha wake, Kulwa na Doto, niwanyoe. Nimemnyoa Doto. Kulwa nilipompapasa nimekuta mabaka mawili ya magamba, nywele zimekatikia shinani. Mapunye. Nikazima mashine.

"Dada, mnyoe tu, tutampaka dawa."

Ya kupaka peke yake haimalizi, fangasi wamo ndani ya shina la nywele. Anahitaji vidonge, griseofulvini, kwa wiki sita au nane, na apimwe kwanza zahanati. Mashine ikipita pale kisha ikaingia kichwa kingine, mtaa mzima utakuwa na mapunye kabla ya Pasaka. Kanuna kidogo, kaenda. Naye Doto nimemwagiza akaangaliwe, maana wanalalia mto mmoja.

Mambo haya huku kwetu si ya kubahatisha. Nakumbuka misiba ya utotoni: siku ya kuondoa tanga wafiwa walikaa mstari, wembe mmoja ukapita kichwa baada ya kichwa, damu ikifutwa kwa kitambaa kile kile. Leo kila mfiwa anakuja na wembe wake kwenye karatasi. Mabadiliko hayo yalitufikia na ukimwi. Kisesa, humu humu wilayani Magu, watafiti wa NIMR Mwanza wanafuatilia kaya tangu 1994, na watu wa kule walizoea kuulizwa maswali na kutolewa damu kabla wengine hatujajua kupima ni nini. Ukimwi njia yake kubwa si wembe, hilo linajulikana. Homa ya ini B ndiyo ya kuogopa zaidi hapa: kirusi chake kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba. Kwa hiyo kila kichwa kikiisha nafungua meno, nasugua, nafuta kwa spiriti, nasubiri ikauke.

Mzee wa nyumba nimemkatalia kipara. Ana vinundu kisogoni, na kila anaponyolewa mpaka kwenye ngozi ncha za nywele zinajikunja kurudi ndani na vinundu vinaongezeka. Amepewa namba 1. Amelalamika kwamba hahisi upepo.

Jumamosi, 11 Januari

Zamu ya binti. Anaingia kidato cha kwanza, bweni. Fomu ya kujiunga inasema nywele fupi, haisemi kipara. Mama mkwe alishatoa wembe kwenye kibati changu cha sindano: "Zitolewe zote, asipate tabu ya chawa." Nimeupokea kwa mikono miwili nikaurudisha kibatini.

Jana tulifumua. Leo kaosha, kachana, kakaa kwenye stuli mlangoni penye mwanga, kanga mabegani. Namba 2 kwanza kichwa kizima, kisha namba 1. Nimemchonga paji kwa kufuata mstari wake wa kuzaliwa, sikusogeza nyuma hata kidogo. Ukiusogeza, zinazoota mbele yake zinakuwa vipele. Panja nimeziacha zilivyo. Shingo nimeipa umbo la duara, si pembe. Mwisho mafuta ya mgando kiasi cha punje, na burashi laini kutoka utosini kwenda nje.

Kajigusa, kazunguka mbele ya kioo. "Mama, naonekana mkubwa." Mtandio kauacha kitandani.

Bibi yake kakusanya nywele zote mpaka za kwenye nyufa za saruji, kazifunga kwenye gazeti, kazipeleka chooni mwenyewe. Hilo sibishani naye.

Zinaota takriban sentimita moja kwa mwezi. Akirudi likizo ya Aprili zitatosha sponji, akitaka. Wembe humu ndani utabaki na kazi ya kufumua mishono.