Ukungu wa Nizwa: Kutafuta Ubaridi wa Ua Katika Joto Kavu

Kutoka Muscat kwenda Nizwa ni mwendo wa kiasi cha kilomita 160, na barabara hupanda kwa kulifuata bonde la Sumail, milima ya Hajar ikiwa imesimama pande zote mbili, mitupu, rangi ya jivu na kahawia. Tuliipita njia hiyo mwezi wa Agosti, watoto wakiwa likizoni, tukienda kumzuru shangazi yetu. Mtu wa Mombasa au Lamu akishukia Muscat mwezi huo hatajiona mgeni sana: miwani huingia ukungu pindi mlango wa gari ufunguliwapo, nguo hugandamana na mgongo, na jasho hutiririka lisikauke. Ni hari ile ile tuijuayo, ijapokuwa imezidi kipimo. Lakini kadiri bonde linavyopanda, fukuto hilo huachwa nyuma. Tulipofika Nizwa kipimajoto kilisoma digrii 41, na wala hatukuona tone la jasho. Si kwamba hatukutoka jasho. Lilikauka kabla halijaonekana. Midomo ilianza kupasuka siku ile ile, na leso iliyofuliwa ikaanikwa kivulini ilikuwa kavu kabla ya birika la kahawa kwisha.

Tumeitaja hewa hii mapema kwa sababu kila tulichokwenda kukitafuta sokoni baadaye kilitegemea ukavu wake.

Shangazi yetu alizaliwa Unguja, akahamia Oman katika miaka ya 1970, kama zilivyohamia familia nyingi za visiwani zenye asili ya huko. Kiswahili chake mpaka leo ni cha mjini. Amepita miaka sabini, na nyumba yake ina ua wenye mitende miwili na mndimu mmoja. Kila siku baada ya alasiri kina mama wa jirani huingia kwa mlango wa nyuma, hutandikwa mikeka, ikaja kahawa na tende, na mazungumzo yakawa nusu Kiarabu nusu Kiswahili. Hiyo ndiyo dunia yake. Tangu Mei hadi Septemba, hata hivyo, ua huo hauketiki mpaka usiku uingie sana, na mtu wa umri wake hana ruhusa ya kuchezea joto. Wanawe walikwisha kukata shauri: ua uzungushiwe vioo, utiwe mashine ya kupoza hewa, mambo yaishe.

"Mkinifungia ua mmenifungia mimi," alisema. "Ndani nimeshakaa vya kutosha, wanangu. Mlango wa kioo jirani hausukumi."

Basi ikaonekana kwanza ujaribiwe mnyunyizo wa ukungu, na sisi wageni tukafuatana na binti zake kwenda kuutafuta.

Wengi katika wasomaji wetu wameuona mnyunyizo huu pasipo kuuliza unavyofanya kazi. Katika viwanja vya Msikiti wa Mtume, Madina, ipo miavuli mikubwa 250 ambayo hufunguliwa mchana, na kwenye nguzo zake zimewekwa feni zinazorusha ukungu mwembamba juu ya wanaopita. Arafa nako zipo nguzo zinyunyizazo mahujaji. Mtu hupita chini yake akahisi uso umepoa, na nguo zake hazikulowa. Siri yake ni ile ile ya mtungi. Maji yakipenya udongo na kukauka nje ya mtungi, huondoka na joto, na yale yaliyobaki ndani hupoa. Mwenye kupika ataelewa kwa njia ya birika: kuikausha lita moja ya maji ikageuka mvuke wote hutaka joto karibu mara saba ya lile la kuipasha mpaka ichemke. Joto hilo lazima litoke mahali. Matone yakikaukia hewani, hulichukua katika hewa yenyewe. Wafinyanzi wa Bahla, mji ulio jirani na Nizwa, wamefinyanga mitungi ya kutundikwa kivulini tangu zamani kwa ajili hiyo hiyo, na shangazi bado anao wake mmoja. Maji yake yalikuwa baridi kuliko tulivyowahi kuyaonja kwenye mtungi wa kwetu, na hiyo peke yake ilikuwa dalili njema.

Ila dalili haitoshi kutolea pesa. Njia ya kupima ni nyepesi, na kila nyumba inaiweza. Chukua kipimajoto, kifunge pamba iliyoloa kwenye ncha yake, kitundike kivulini penye upepo, kisha ngoja mpaka kisishuke tena. Tofauti kati ya namba hiyo na ile ya kipimajoto kikavu ndiyo kikomo cha ubaridi ambao maji yaweza kuutoa mahali hapo. Hakuna mashine itakayokivuka, awe muuzaji ameapa namna gani. Pale uani, kikavu kilisoma 41 na kilicholowa kikasoma 22. Digrii 19 za nafasi. Nje, mahali palipo wazi, mtu asitumai zaidi ya nusu yake, lakini nusu hiyo ni tofauti ya kuketi na kutoketi.

Sokoni tulikuta aina nyingi, na bei zilizoachana kama mbingu na ardhi. Ya rahisi ni mpira wenye pua ndogo za plastiki, unaochomekwa kwenye bomba la nyumbani. Presha ya bomba ni kama mara 3 hadi 5 ya ile ya hewa inayotuzunguka, na kwa nguvu hiyo maji hayasagiki. Hutoka matone manene, mengi yakaanguka kabla ya kukauka. Jirani mmoja anao mpira huo. Tulipokwenda kumwamkua, sinia la halua lilirashiwa mbele yetu na mikeka ikaloa. Watoto walifurahi mno, na kwa watoto kuchezea bustanini hatuna neno nao. Kwa bibi mwenye magoti mabovu anayetembea juu ya vigae, sakafu iliyoloa ni hatari kuliko joto lenyewe.

Ya ghali ina pampu inayoyasukuma maji kwa presha ya kiasi cha mara 70 ya hewa, kupitia mabomba membamba ya chuma kisichoshika kutu na pua zenye tundu la sehemu mbili za kumi za milimita. Matone yake ni madogo sana, unene wake kiasi cha robo ya unywele, nayo hupotelea hewani hata meta moja chini ya bomba. Kuna na ya katikati, yenye pampu ndogo, ambayo muuzaji alitusukumia kwa bidii. Tuliomba aiwashe. Tukauweka mkono chini yake kitambo kidogo, na ulipotoka umelowa tukamshukuru tukaenda zetu.

Shangazi alikuwa na swali moja tu, nalo halikuhusu bei. "Inakunywa maji mangapi?" Mtu aliyekaa Nizwa hawezi kuuliza jingine. Mji huo umeishi kwa falaji, mifereji inayoleta maji kutoka chini ya milima. Falaji Daris, ipitayo hapo hapo, ni mojawapo ya tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji ya falaji hugawanywa kwa zamu za muda, na zamani zamu hizo zilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota. Tukampigia hesabu: pua moja hutumia kama lita 5 kwa saa, ua wake unatosheka na pua 10, na yeye huketi saa mbili. Lita 100, ndoo tano za lita ishirini. Alinyamaza kidogo, kisha akatoa sharti: kusipokuwa na mtu mkekani, izimwe. Fundi akaongeza kifaa cha kuizima na kuiwasha kwa vipindi, na hesabu ikashuka.

Lipo jambo jingine ambalo hakuna muuzaji aliyelitaja, nasi tunalitaja hapa kwa mkazo kwa sababu ya wazee. Maji yaliyolala katika tangi la juu ya dari au ndani ya bomba, yakawa vuguvugu, huweza kuzaa bakteria aitwaye lejionela. Kuyanywa si tatizo kubwa; kuyavuta puani yakiwa ukungu ndiyo njia yake ya kuingia mapafuni, na homa yake huua. Mwaka 1989, katika mji wa Bogalusa, Louisiana, Marekani, watu wengi waliugua kutokana na mashine iliyokuwa ikinyunyizia mboga dukani. Kwa hiyo maji ya shangazi yanatoka moja kwa moja kwenye bomba kuu, hupita chujio, na bomba humwagwa likabaki tupu kila jioni. Ikiwa imelala siku kadhaa, huachwa inyunyize kwanza pasipo mtu uani. Kazi hiyo amepewa mjukuu wa miaka kumi na mitano, pamoja na kuzifungua pua kila mwezi na kuziloweka katika siki, kwani maji ya huko yana chokaa na tundu dogo kama lile huziba upesi.

Fundi alitaka kulipitisha bomba juu ya mikeka kabisa. Tukamwomba alipeleke pembezoni, kimo cha meta 3, upande unakotoka upepo, ili ukungu ufike umekwisha kukauka na kinachomfikia mtu kiwe ubaridi tu. Pampu ina kelele. Ikawekwa nyuma ya jiko. Siku ya kwanza kipimajoto kilichokuwa mkekani kilisoma 32. Jirani mwenye sinia la halua alikuja mapema, akakaa mpaka magharibi. Siku ya nne wingu lilishuka kutoka Jabal Akhdar, hewa ikawa nzito, na ukungu ule ule ukawa hauna faida. Shangazi akaizima mwenyewe, akaagiza upepeo.

Vioo havikununuliwa. Wanawe wamesema watatazama mwaka ujao, na hilo ni neno lao.

Hapo ndipo ulipoingia ujumbe kutoka kwa binamu yetu wa Mombasa, ambaye ameziona picha. Ana ukumbi wa harusi, na Machi kina mama huzimia kwa hari chini ya mabuibui yao. Akataka tumletee seti nzima, pua 40. Tulimwomba kwanza apime kwa pamba. Alikuta 32 kwa kikavu na 27 na nusu kwa kilicholowa. Nafasi yote ni digrii nne na nusu, nusu yake ni mbili na ushei, na hewa ya ukumbi ingezidi kuloa mpaka jasho la wageni lisipate pa kwenda. Tumemshauri pesa hizo azipeleke kwenye feni kubwa na madirisha ya juu yaliyozibwa wakati wa ukarabati. Amejibu kuwa feni hazipendezi katika picha za bibi harusi. Mazungumzo yanaendelea.