Puti Juu ya Kutu

Mguu wa bibi ulitoboa sakafu ya gari tukiwa karibu kufika Wasso. Nilikuwa nimempakia Oloipiri asubuhi ile, anakwenda hospitali kupima shinikizo la damu, nami nikajivunia kidogo kumpa kiti cha mbele katika Land Rover yangu ya zamani, niliyoigeuza kuwa chumba cha kulala cha utafiti: kitanda nyuma, jiko la gesi, paa linaloinuka. Tuliposhuka korongo moja alikaza mguu, kama afanyavyo abiria yeyote mwenye hofu, na bati likaachia. Alichubuka juu ya kifundo. Hospitalini walimsafisha kidonda na kumchoma sindano ya pepopunda. (Kutu yenyewe haileti pepopunda, vimelea vyake hukaa udongoni, na gari langu lilikuwa limebeba udongo wa kutosha.) Nilipoomba radhi, aliniuliza kwa utulivu, "Mwanangu, ulikuwa hujui?"

Nilikuwa najua.

Miaka mitatu kabla, fundi mmoja mjini Arusha aligonga sehemu hiyohiyo kwa nyundo ndogo, akanitaka nisikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boksi lililolowa. Akasema pakatwe. Nikauliza bei, kisha nikauliza kama hakuna njia nyingine. Fundi akisikia swali hilo, ameshajua mteja anataka nini. Pakapigwa puti, pakasuguliwa msasa, pakapakwa rangi, na kwa msimu mzima watu walilisifia gari langu.

Wengi hudhani Land Rover za zamani hazishiki kutu, kwa kuwa sehemu kubwa ya bodi yake ni alumini. Zilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Lakini mifupa yake, yaani chesisi na ukuta unaotenganisha injini na abiria, ni ya chuma. Na pale chuma kinapogusana na alumini penye unyevu, alumini nayo huanza kulika na kugeuka unga mweupe. Gari langu lilikaa miaka mingi Tanga likinywa chumvi ya bahari. Kisha mimi nikalipitisha katika vumbi la magadi la Ziwa Natron na matope ya masika ya Loliondo, nisiyazibue hata mara moja matundu ya kutolea maji. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi hutangulia kuvimba. Puti hulizuia jicho tu. Chini yake unyevu umefungiwa, na kazi inaendelea.

Safari hii gari lilitengenezwa Oloipiri, na kijana mwenye jenereta na mashine ya kuchomelea. Alifungua nyaya za betri, akatoa kapeti, akaosha matope, ndipo akakata. Tundu nililolidhania la ukubwa wa kiganja likawa la ukubwa wa sinia. Kila nilipoona inatosha, alisogeza grinda mbele hadi chuma cheupe kikatokea. "Nikichomelea juu ya kilichooza, Daktari, hakishiki. Moto utakila tu." Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na ndoo ya maji. Kiraka kikachomelewa, mishono ikazibwa, ikafuata rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi yenyewe, na mwisho oili ndani ya chesisi. Siku mbili nzima.

Usiku wa katikati nilifungua rasimu ya ripoti yangu. Ilihusu vijiji vya Loliondo baada ya Juni 2022, vilipowekwa vigingi katika eneo la kilomita za mraba 1,500 na kuzuka makabiliano. Eneo hilo sasa ni Pori la Akiba la Pololeti. Watu wa Oloipiri hawasemi mamoja juu ya jambo hilo, na hilo pia sikuliandika. Wafugaji kadhaa waliniambia wamepoteza malisho ya kiangazi. Mimi niliandika "changamoto za upatikanaji wa malisho". Waliniambia hawakuulizwa. Nikaandika "ushirikishwaji uimarishwe". Ni Kiswahili kilichopigwa msasa vizuri. Nyinyi mlio watumishi wa umma mnajua neno changamoto linavyotusaidia: halina mtendaji, halina mtendwa, na hakuna mkubwa aliyewahi kukasirishwa nalo. Nililihesabu katika rasimu. Lilijitokeza mara 31.

Nilianza kuyakata. Sentensi nyingine zilianguka zote, kwa kuwa chini ya neno lile hapakuwa na kitu cha kuchomelea; ilinibidi nirudi kwa wenyewe asubuhi, na daftari, kuuliza upya.

Wiki iliyofuata bibi alikuwa na miadi tena hospitalini. Nilimfungulia mlango wa mbele. Aliingiza fimbo kwanza, akagonga sakafu mara mbili, akasikiliza, ndipo akapanda.